Plasma Iliyovuma Elburgon

"Kaa hapo kando," Mugure alimwambia mumewe. "Hapana, si hapo. Kando kabisa, kama wewe ni mtu wa meza ya dirishani."

Kimaiyo akasogea mpaka mgongo wake ukagusa rafu ya pasi na redio. Duka lile la Nakuru mjini lilikuwa limejaa watu waliokuja kutazama tu bila kununua, na watu hao walipoona mwanamume mzima akiamrishwa na mkewe akae huku na kule mbele ya televisheni, wakaanza kugongana viwiko. Kimaiyo aliona haya. Alikuwa mtu mrefu na mpole, na siku hiyo alikuwa amevaa koti la kanisani kwa sababu alidhani duka la televisheni linataka heshima fulani.

"Unaona nini?"

"Naona mtu mweusi amekuwa mweupe, na yule mweupe amekuwa sijui nini. Wote wana macho ya jini."

"Haya, rudi katikati."

Akarudi. "Sasa ni safi. Safi kabisa, hata jasho lao naliona."

Hiyo ilikuwa televisheni ya aina ya LCD. Pushpa, mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikuwa amewaacha wahangaike wenyewe kwanza. Miaka mingi dukani ilikuwa imemfundisha kumjua mnunuzi na kumjua mtazamaji, na hawa alikuwa ameshaona ni wanunuzi. Akatoka nyuma ya kaunta.

"Mama, mimi naeleza rahisi. Hii LCD nyuma iko na taa, kama ile tubu ndefu ya jikoni. Mbele ya taa iko mapazia madogo madogo, mengi sana. Ukikaa mbele, pazia limefunguka sawa, unaona vizuri. Ukikaa kando, unaona pembe ya pazia. Kwa nyumba hakuna shida. Baba, mama, watoto wawili, sofa moja. Lakini mama, wewe ni nyumba ama biashara?"

"Hoteli," Mugure akasema. "Chai, chapati na ndengu. Watu wanakaa kila mahali."

"Basi wewe taka plasma." Pushpa akaipigapiga ile kubwa iliyokuwa katikati ya ukuta. "Hapa hakuna pazia. Kila nukta iko na moto yake mwenyewe. Kaa kwa dirisha, kaa kwa mlango, kaa hata chini ya meza, picha ni ile ile. Inakula stima mingi kidogo, sitakudanganya. Na inatoa joto."

"Kwetu Elburgon ni baridi," Kimaiyo akasema.

"Si umeona? Wateja watakushukuru mara mbili."

"Na ile?" Kimaiyo akaelekeza kidole kwa ile ya zamani yenye mgongo mrefu, iliyosukumwa kwenye kona kama mgeni asiyetakiwa.

"Ile unaijua, mzee. Nzito, kioo kidogo, lakini haikufi. Ukiweka hiyo hoteli, mtu wa nyuma anaona nini? Anaona kichwa ya mtu wa mbele."

Watu wakacheka. Mugure hakucheka. Plasma ile ilikuwa ya maonyesho, imewaka dukani miezi kadhaa, kwa hiyo bei ilikuwa imeshuka, na hata baada ya kushuka ilikuwa sawa na ng'ombe wawili wa maziwa. Na ng'ombe wawili wa maziwa ndio waliokuwa wameuzwa.

Tafadhali usidhani hawa walikuwa wakitafuta anasa. Mambo ya mwanzo wa mwaka huo wa 2008, makabila yalipogeukiana baada ya uchaguzi, kila mtu anayajua, na mimi sina hamu ya kuyarudia. Itoshe kusema kwamba hoteli yao haikuchomwa. Ilifanyiwa jambo la kimyakimya zaidi. Watu wa kabila la Mugure walianza kuiita hoteli ya Kimaiyo, na watu wa Kimaiyo wakaanza kuiita hoteli ya Mugure, na kila upande ukaenda kunywa chai kwingine. Tangu Februari waliokuwa wakiingia ni wapita njia na mtu wa kusoma mita.

Kaka yake Mugure, Kinyanjui, alikuwa akipiga simu kutoka kwao Bahati kila wiki: njoo nyumbani, ukae na watu wako mpaka mambo yapoe. Mama yake Kimaiyo, huko Kuresoi, alikuwa akituma maneno yale yale kwa mwanawe, isipokuwa hakumtaja Mugure. Mume na mke wakakubaliana, bila kutazamana usoni, kwamba mwisho wa Agosti hoteli ikiwa bado tupu watafunga, na kila mmoja ataenda kwao kwa muda. Neno hilo "kwa muda" hakuna aliyeliamini. Binti yao Abby, aliyekuwa shule ya bweni, alilisikia kwenye simu akauliza swali moja tu: "Sasa nikifunga shule nakuja kwa nani?" Mugure akasingizia simu imeisha chaji.

Na ndipo likaja wazo la televisheni. Michezo ya Olimpiki ilikuwa karibu. Kimaiyo alisema kwamba hakuna mtu wa Elburgon, awe wa upande gani, atakayekubali kukosa kuona mbio.

"Tufungie hiyo," Mugure akamwambia Pushpa, akionyesha plasma.

*

Lori la kiwanda cha mbao lilikuwa limeshusha mzigo Nakuru na lilikuwa linarudi tupu. Dereva wake aliitwa Mwaura. Zamani, yaani mwaka uliopita, Mwaura alikuwa akila kwa Mugure asubuhi na mchana, na alikuwa na kikombe chake cha bati kilichoning'inia kwenye msumari. Alikubali kuwabeba. Njiani alizungumza sana kuhusu bei ya dizeli, na kuhusu mvua, na kuhusu kila kitu kisichokuwa na maana. Walipofika Elburgon akasimamisha lori kwenye kona ya kanisa, mbali na hoteli.

"Niwashukishe hapa tu, Mama Abby. Unajua gari ni ya tajiri wangu."

"Mwaura, hoteli ni pale. Naiona."

"Najua," akasema, akitazama usukani. "Nisamehe tu."

Kimaiyo alivua koti la kanisani, akalitandika juu ya sanduku, na wao wawili wakaibeba televisheni yao katikati ya barabara, wakisimama kila baada ya hatua chache kupumua, na mji wote ukiwatazama kutoka milangoni. Hakuna aliyenyanyuka kusaidia. Nitasema wazi: ilikuwa aibu, na wenye aibu hawakuwa wao waliobeba.

Wakaitundika ukutani, juu kidogo, ili meza zote ziione. Kimaiyo akachomeka waya. Picha ikaja nzuri ajabu, hata Mugure akapiga makofi peke yake kama mtoto. Kisha wakaisikia.

"Vvvvvvv."

"Ni nini hiyo?" Mugure akauliza.

"Labda ni friji ya jirani."

Haikuwa friji ya jirani. Kimaiyo akapunguza sauti ya televisheni hadi mwisho, na mvumo ukabaki. Akazima, mvumo ukakoma. Akawasha, ukarudi, mzito, usiochoka, kama mzinga uliopigwa teke. Walijaribu waya mwingine. Walijaribu soketi ya kinyozi wa jirani, ambaye aliwakubalia ili apate kusikia vizuri na kusimulia. Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika stendi: Kimaiyo na Mugure wameuza ng'ombe wakanunua nyuki.

Mugure alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa aproni. "Haki ya Mungu, hata Mungu anatucheka."

"Mungu hana wakati huo," Kimaiyo akasema. "Kesho tunairudisha."

*

Sasa sikia kilichowapata. Plasma ikarudi Nakuru, kwa lori lile lile, kutoka kona ile ile ya kanisa. Ikawekwa juu ya kaunta ya Pushpa mbele ya wateja, ikachomekwa, ikawaka. Kimya! Kimya kabisa, kama maji kwenye ndoo. Kimaiyo akainamisha kichwa akaweka sikio kwenye kioo. Mugure naye akaweka lake upande wa pili.

"Mzee," Pushpa akasema, "mimi sisikii kitu."

"Kwetu ilikuwa inavuma."

"Hapa haivumi."

"Mama, nakuapia."

"Usiape. Kila wiki mtu anakuja. Amenunua, ameenda nyumbani, bibi amegombana, pesa imekuwa chungu, anarudi anasema TV iko na shida. Bidhaa ikitoka mlango hairudi. Imeandikwa pale ukutani, kubwa."

Kijana mmoja aliyekuwa akichagua simu akaropoka, "Mathe, labda ilikuwa inaimba wimbo wa kwenu!" na duka zima likaangua kicheko. Kimaiyo akasimama wima. Hakuwa mtu wa kupayuka, na hata sasa hakupayuka.

"Mama, mimi sijawahi kuitwa mwongo. Hata Januari, watu walipokuja kwa mlango wangu wakaniuliza bibi yangu yuko wapi, sikuwadanganya. Niliwaambia yuko ndani na hatoki. Leo nidanganye kwa sababu ya TV?"

Kicheko kikakatika. Kutoka nyuma ya pazia la duka akatokea Gautam, mume wa Pushpa, na bisibisi mkononi. Huko nyuma ndiko alikokuwa akitengeneza vitu, na alikuwa amesikia yote.

"Nyinyi mnatoka wapi?"

"Elburgon."

Gautam akaguna, akaweka bisibisi chini. "Pushpa, unamkumbuka yule mzee wa Timboroa? Alirudi hapa mara mbili. Mimi nikamwambia aende hospitali aoshwe masikio."

"Yule alikuwa mkorofi."

"Hakuwa mkorofi. Timboroa iko juu. Elburgon iko juu." Akawageukia wageni, akaongea polepole, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa akijieleza yeye mwenyewe vilevile. "Ndani ya kioo hii iko gesi, imefungiwa. Hapa Nakuru hewa ya nje inabana kioo sawasawa. Kule kwenu mlimani hewa ni nyepesi, haibani sana, kioo inapata nafasi, inatetemeka. Haijaharibika. Ukiirudisha chini inanyamaza. Hata ukileta ingine, plasma zote nilizo nazo zitavuma vile vile."

"Kwa hivyo sisi si wazimu," Mugure akasema.

"Hapana, mama. Kosa ni letu. Chukua LCD pale, tubadilishane, hakuna kuongeza kitu. Haina gesi, haitavuma hata ukiipeleka juu ya milima ya Mau."

Pushpa akalitazama lile tangazo lake ukutani, kisha akaanza kuifuta LCD vumbi.

"Asante sana," Kimaiyo akasema, na mabega yake yakashuka. "Mama Abby, chukua tuende."

Lakini Mugure alikuwa bado anaitazama LCD. Alisogea kando, mpaka kwenye rafu ya pasi. Akaona wale watu wakigeuka rangi. Akarudi katikati. Akaenda upande wa pili.

"Mama," akamwuliza Pushpa, "hiyo katikati, mahali inaonekana vizuri, ni watu wangapi?"

Pushpa akanyoosha mikono. "Benchi moja. Mbili ukibana watu."

"Na hiyo benchi nimpe nani?"

"Wa kwanza kuja, Mama Abby," Kimaiyo akasema. "Kwani ni harusi?"

"Ni mbaya kuliko harusi. Akija Mwaura na watu wa mbao wakakaa katikati, Cheptanui binamu yako na wale wanawake wake wa viazi watakaa kando waone watu wenye macho ya jini. Watasema nini? Watasema Mugure amewapa watu wake TV. Wakija kina Cheptanui kwanza, watu wangu watasema Kimaiyo amewapa wake. Baba Abby, watu hawa hawanywi chai moja sababu ya maneno. Wewe unataka niwatengenezee sababu ya kweli, niitundike ukutani?"

Kimaiyo akasogea naye mpaka rafu ya pasi, akaitazama LCD kutoka kando.

"Hii ya nyuki," Mugure akaendelea, akiigusa plasma, "picha wanaona wote sawa. Na kelele wanasikia wote sawa. Wakiudhika, wataudhika pamoja. Mimi narudi na hii."

Dukani hakukuwa na aliyecheka. Pushpa alivua miwani akaifuta kwa pindo la sari, akachukua muda mrefu kuifuta kuliko ilivyohitaji. Shata ya mlango wa duka lake nayo ilikuwa imekaa chini Januari nzima. Akamwambia mumewe maneno machache kwa Kigujarati, na Gautam akaingia nyuma akatoka na spika mbili kubwa za zamani, kuukuu lakini nzima.

"Hizi ni za bure," Pushpa akasema kwa ukali, kama anayegomba. "Weka sauti juu. Na mzee, mimi nilikuita mwongo. Nisamehe."

"Imeisha, mama," Kimaiyo akasema.

*

Wiki ya kwanza ya michezo hawakupata mtu wa maana. Ngumi, kuogelea, wazungu wakiruka kwenye maji. Nani wa Elburgon ana haja na hayo? Abby alikuwa amefunga shule, na alikuja Elburgon kwa sababu hakuna aliyemwambia aende kwingine. Alisugua vikombe visivyokuwa vimetumika. Mugure alipika chapati kumi na tano kila asubuhi, na jioni walikula chapati wenyewe, wakichovya kwenye chai bila kuongea sana.

Ikafika Jumatatu ya mbio za kuruka viunzi na maji. Zilikuwa za alasiri, saa ya chai.

Wa kwanza kuingia alikuwa Cheptanui. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, muuza viazi, binamu wa Kimaiyo kwa upande wa mama, na tangu Februari alikuwa akimsalimia binamu yake kwa mkono wa mbali, ng'ambo ya barabara. Alikuja na wenzake watatu. Hakuja kwa upendo, tusidanganyane. Alikuja kusikia nyuki.

"Chai nne," akasema, akakaa meza ya dirishani.

Chai haijafika mezani, lori likanguruma nje, pale pale mlangoni, na Mwaura akaingia na wapakiaji wake wenye unga wa mbao kwenye nyusi. Televisheni ya kule walikokuwa wakinywa chai siku hizi ilikuwa ndogo, na mwenyewe alikuwa ameanza kuwatoza kiingilio. Mwaura alimwona Cheptanui. Cheptanui alimwona Mwaura. Mazungumzo yote yakafa. Mugure alisimama na birika mkononi, na Kimaiyo akaacha kukata majani ya sukuma. Katika ule ukimya plasma ikasikika kuliko siku zote.

"Vvvvvvv."

Ikaendelea hivyo kwa muda ambao Mugure aliuona mrefu kama ibada.

"Kimaiyo," Cheptanui akasema hatimaye, "hawa nyuki wako wanakamuliwa lini?"

Hakuna aliyecheka. Abby aliuma mdomo. Mwaura alikuwa bado amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mama," akasema, "mimi natoka kwa msumeno saa hii. Hii kwangu ni kimya."

"Basi nyinyi wa msumeno kaeni karibu nayo! Sisi wenye masikio mazima tukae huku."

"Tukikaa karibu tutawaziba."

"Si mkae chini? Kwani sakafu inauma?"

"Ai, huyu mama!" mmoja wa wapakiaji akasema, lakini alikuwa ameshaanza kucheka, na alikaa chini kweli, miguu amekunja, mbele ya miguu ya Cheptanui. Wengine wakafuata. Mugure aligeukia ukuta akajifanya anatafuta sukari, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka mtu ayaone.

Bunduki ikalia. Habari za mbio zenyewe nyote mnazijua, sihitaji kuzitangaza. Nitasema tu kwamba katika mzunguko wa mwisho hoteli ile ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, wakiwemo watu waliokuwa wakipita tu, na yule kinyozi wa jirani ambaye alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Abby alikuwa amepanda juu ya kreti. Cheptanui alikuwa amemshika yule mpakiaji mabega, anamtikisa kama mti wa matunda.

"Kimbia! Kimbia, mtoto wa mama! Ruka!"

"Usimwangalie huyo wa nyuma!" Mwaura alikuwa akifokea kioo. "Maji! Maji! Ehee!"

Mkenya alipokata utepe, kelele iliyotoka pale ilifika kanisani. Chai ya watu wawili ilimwagika juu ya mtu wa tatu na hakuna aliyegomba. Cheptanui na Mwaura walijikuta wameshikana mikono, wakaitazama mikono yao, wakashangaa kidogo, kisha wakaendelea kuitikisa kwa sababu kuachia kungekuwa kazi zaidi.

"Mama!" Abby akaita kutoka kreti yake. "Imeacha kulia!"

Kimaiyo akapenya watu, akaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa kinatetemeka vile vile. Akamtazama mkewe juu ya vichwa vya watu, akatikisa kichwa, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mwaka huo ndani ya nyumba ile.

Watu hawakuondoka. Walikuwa wakisubiri mbio za wasichana, na walitaka chapati. Chapati kumi na tano zilikuwa zimeisha zamani. Mwaura mwenyewe alitumwa dukani kuleta unga, akaenda bila kuuliza. Simu ya Mugure ikalia mfukoni mwa aproni. Alikuwa Kinyanjui, kaka yake. Mugure akaziba sikio moja kwa kidole.

"Nimepata pikapu," Kinyanjui akasema. "Ya Jumamosi. Ya rafiki yangu, hatalipisha. Nije nibebe vitu vyako?"

"Sikusikii! Sema tena!"

"Pikapu! Jumamosi! Nije?"

"Njoo!" Mugure akapiga kelele. "Lakini usije tupu! Huko kwa fundi wenu hapo Bahati, niangalizie benchi. Benchi nne, zile ndefu. Watu wamekaa chini!"

"Watu gani?"

Mugure akawatazama. Akafikiria namna ya kumjibu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakupata njia ya kuwagawa.

"Wateja," akasema, akakata simu, akaenda kuinjika sufuria nyingine.